Jino la Kuazima

Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, na fundi wa meno ya bandia anayetetemeka ni sawa na kinyozi kipofu: watu wanamsalimia vizuri lakini wanakaa mbali naye. Basi nimetundika aproni. Ninyi vijana mliobaki karakanani mmetaka niandike niliyoyaona kabla sijayasahau. Sitaandika nani alinipandisha cheo, maana hayupo, wala nililipwaje, maana mtacheka. Nitaandika habari za vinywa.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Bukavu hawajalielewa hadi leo. Wakiniona njiani wananiita dokta. Dokta wa meno ni yule anayeng'oa. Mimi sijawahi kung'oa jino la mtu hata mara moja, na nikiona damu natafuta kiti. Kazi yetu inaanza pale dokta alipomaliza, mgonjwa akishapona maumivu na kubaki na aibu. Maumivu yana vidonge. Aibu ya pengo la mbele haina, na mwenye nayo atakuja kwako akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, atakueleza shida yake akitazama ukuta.

Nilianza kwa Mzee Cirhuza, kwenye chumba cha nyuma ya nyumba ya matofali, juu kidogo ya soko la Nyawera. Siku ya kwanza alinipa bakuli la mpira, plasta na maji, akaniambia nikoroge mpaka ianguke kwenye kijiko kama uji wa mgonjwa. Nikakoroga. Akaimwaga nje. Nikakoroga tena, akaimwaga tena. Nilidhani ananitesa. Baadaye nikaelewa kwamba plasta yenye kiputo kimoja cha hewa inaweza kukupa jino lenye nundu, na nundu hiyo itakaa mdomoni mwa mtu miaka kumi ikimkera kila anapokula sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mchana akatoka kwenda kula, akaniacha peke yangu. Hapo ndipo nilipoiona rafu vizuri. Ilikuwa ndefu kama ukuta wenyewe, na juu yake vilipangwa vinywa vya plasta vya wateja wote aliowahi kuwahudumia, vya juu na vya chini, vimeachama, kila kimoja na jina la mwenyewe kwa penseli chini ya kitako. Hakukuwa na uso hata mmoja. Nilihisi kwamba vilikuwa vikizungumza na vimenyamaza kwa sababu mimi nimeingia. Nilikula mkate wangu nikiwa nimevipa mgongo, kisha nikageuka, maana kuvipa mgongo kulikuwa kubaya zaidi.

Mzee aliporudi nilimuuliza kwa nini asivitupe vya zamani tupate nafasi. Alisema kinywa cha mtu hakitupwi na fundi, mwenyewe ndiye anayekuja kukichukua. Ninyi mnaojua sababu za kitabu mtasema ni kwa ajili ya matengenezo ya baadaye. Ni kweli, lakini yeye hakusema hivyo.

Alinifundisha mengi: kupinda waya wa kulabu zinazoshika meno bila kuuvunja, kuchemsha rezini, ile plastiki ya ufizi wa bandia, kwenye sufuria juu ya makaa umeme unapokatika, yaani karibu kila siku, na kung'arisha kwa unga wa jiwe huku ukikanyaga gurudumu la cherehani. Lakini somo lake kubwa lilikuwa la sikio. Alisema jino la mbele ni la kusemea kwanza, kula ni baadaye. Mteja akishavaa, usimpe kioo haraka. Mwambie ahesabu soixante-six, soixante-sept, nawe ufumbe macho. Hesabu hizo za Kifaransa, sitini na sita, sitini na saba, zimejaa herufi ya S, na S ndiyo mpelelezi. Bamba linaloshika jino likiwa nene, S inakuwa nzito. Likiwa jembamba, inakimbia. Jino likiacha nafasi pembeni, inapiga mluzi.

Mluzi huo ndio unaonileta kwenye habari za Sosthène. Alikuwa makanika wa malori, mtu wa maneno mengi na mikono myeusi ya oili. Manivela ya lori moja, chuma cha kuwashia injini kwa mkono, ilimrudi ikampiga mdomoni, jino la mbele la juu likaenda. Sasa, Sosthène alizaliwa na mwanya, na mnajua kwetu mwanya ni uzuri, watu wanauimba. Mzee Cirhuza hakutaka kumnyang'anya. Akachukua jino jipya, akalipunguza ubavuni kwa tupa ndogo, akalipanga ili mwanya ubaki pale ulipokuwa. Kazi safi kabisa. Lakini Sosthène alipohesabu soixante-six, kila S ilitoka na mluzi mwembamba nyuma yake, kama upepo unaopita chini ya mlango. Mzee akataka kuuziba mwanya kidogo. Sosthène akakataa. Alikuja na mama yake, Mama Nabintu, mjane kutoka Walungu aliyehamia mjini, naye akakataa zaidi: mwanya ule ulikuwa wa baba mzazi wa mama huyo, babu yake Sosthène, na haukukopwa kwa fundi. Basi Sosthène akaenda na mluzi wake, na tangu hapo pale gereji walijua amefika kabla hawajamwona.

Kisha ikaja vita ya kwanza, ile ya tisini na sita. Nasi tulikimbia kama wengine, tukalala milimani tukinyeshewa, tukarudi tukitarajia kuta tupu. Mtaa mzima ulikuwa umeporwa, hata milango na mabati. Mlango wetu ulikuwa umevunjwa, lakini ndani hapakuguswa kitu. Jirani aliyebaki alitueleza kwamba wanajeshi waliingia, wakasimama, mmoja wao akasema kwa Kilingala kwamba hapa ni kwa ndoki, kwa mchawi, wakatoka kinyumenyume. Mwoga mwenzenu nilishukuru rafu. Mzee Cirhuza alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hicho hakikumwacha. Alituaga mwaka huo huo, kwa ugonjwa ambao wakati wa amani ungetibika. Nilimlilia kama baba. Nikabaki peke yangu na vinywa vya watu.

Vita ya pili ilipoanza, jino likawa kitu cha matajiri. Lazima mwelewe jinsi lilivyofika. Meno ya bandia huja yamepangwa kwenye ubao mdogo wa nta, sita ya mbele kwa pamoja, na mchuuzi aliyeyaleta kutoka Bujumbura au Kigali hakukubali kukuuzia moja. Nani atanunua matano yaliyobaki? Aliuza ubao mzima, kwa dola, na barabara ikifungwa bei ilipanda mara mbili. Kabla ya vita pengo moja liligharimu kuku wawili hivi. Sasa ilibidi kuuza mbuzi, na mbuzi wenyewe walikuwa wameliwa na wenye bunduki.

Watu wakajitafutia njia. Nilimpokea mzee aliyeziba pengo kwa nta ya mshumaa, kila akinywa chai inayeyuka. Nilimwona bwana mmoja wa ofisini, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, amechonga jino kutoka bidoni, dumu jeupe la mafuta, na kulifunga kwa uzi wa kushonea, na kwa umbali ule wa kusalimiana barabarani kwa kweli alipendeza. Wengine waliacha kucheka. Wengine waliacha kuongea. Mji wenyewe ulikuwa umejifunza kunong'ona tayari, kwa hiyo hawakuonekana sana.

Wakati huo ndipo alipokuja Mwalimu Furaha, mke wa Sosthène.

Alifundisha darasa la kwanza. Siku moja risasi zililia sokoni Nyawera, watu wakakimbia kila upande, naye akasukumwa akaanguka kifudifudi juu ya kreti ya mbeba mizigo. Alipoteza jino la mbele la juu, upande uleule wa mume wake. Alikaa kwenye kiti changu akaziba mdomo kama wote, lakini hakutazama ukuta. Alinitazama mimi, akatoa kiganja.

“Papa fundi, batoto banasema sawa miye,” alisema. “Darasa yote imekuwa ya bazee benye hawana meno.”

Nilitaka kucheka, nikaona yeye hacheki. Mtoto wa darasa la kwanza hasomi ubao, anasoma mdomo wa mwalimu. Furaha alipotamka S, ilitoka pengoni kama hewa ya tairi, na watoto wakaikamata hivyohivyo, wakaipeleka nyumbani. Mnajua kwamba kwetu serikali ilikuwa imesahau walimu na wazazi ndio waliowalipa. Wazazi wakalalamika. Direkta wa shule akamwambia kwa upole kwamba asipopata jino kabla ya muhula mpya, darasa litapewa mwingine. Na darasa lile ndilo lililokuwa likiwalisha, yeye na Mama Nabintu, kwa sababu Sosthène hakuwepo.

Nikauliza yuko wapi. Alinieleza kwa sauti ndogo. Asubuhi moja walikuja watu wenye gari, wakasema kuna lori limekufa njia ya Kavumu, wanamhitaji makanika mara moja. Sosthène alikuwa ndiyo kwanza ameamka. Alivaa shati, akachukua spana zake, akasema anarudi sasa hivi. Jino lake lilibaki kwenye glasi ya maji juu ya kabati, kwa kuwa nilimkataza mwenyewe kulala nalo, na kwa haraka ile hakulikumbuka. Hakurudi. Waliuliza kila mahali pa kuulizia, na pale ambapo kuuliza kulikuwa hatari waliuliza pia. Hakuna aliyeona lori, wala gari, wala mtu.

Glasi ilibaki juu ya kabati, karibu na picha ya Bikira Maria. Kila asubuhi baada ya sala Mama Nabintu alimwaga maji ya jana na kutia mapya. Malori ya wanajeshi yalipopita barabarani kabati lilitikisika, jino likagonga glasi, na mama yule akiwa jikoni alijibu “karibu” kabla hajakumbuka. Furaha alisema hicho ndicho kilichomnyima usingizi, si risasi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mama alilirudia kila siku: kwamba asubuhi ile mwanawe alisema “narudi sasa hivi” bila mluzi, kama mtu mwingine, na sauti yake halisi ilibaki ndani ya glasi.

Nilielewa alichotaka kuniomba kabla hajakiomba. Jino la mumewe lilikuwepo kwenye glasi. Bei ya jino ndiyo iliyokuwa ikimwua, rezini kidogo ningeweza kuipata. Alichokosa ni ruhusa. Nilimwambia sigusi kitu cha mtu bila mama yake kusema, akajibu kwamba ndivyo alivyojua, na kwamba ameomba mara nyingi akanyamaziwa. Hakukuwa na kilio, yaani matanga, kilichofanyika pale nyumbani. Kilio hakiwezi kufanyika kwa mtu aliyesema anarudi sasa hivi, na mahali ambapo kilio hakijafanyika, vitu vya mtu havigawiwi. Hata shati lake lilikuwa bado msumarini.

Zikapita siku. Unga ukaisha nyumbani mwao, mimi nadhani ndiyo sababu, ingawa mama hakusema. Alikuja mwenyewe na Furaha, ameshika ile glasi kwa mikono miwili chini ya kitenge, imejaa maji, na hakumwaga tone kwenye njia yote ile ya matope. Akaiweka mezani kwangu.

“Aazime,” aliniambia. “Siku Sosthène anarudia, utamurudishia yake. Lakini usiikwangue, usiikate, usiiongeze kitu. Iko na mwenyewe.”

Nikakubali. Ni sharti gumu kwa fundi, maana jino la kinywa kimoja halijawahi kuingia kinywa kingine bila tupa. Nilichukua alama ya kinywa cha Furaha, nikamwaga plasta, na siku iliyofuata nikaanza kulitoa jino kwenye bamba la zamani. Mnajua njia: unalishika juu ya taa ya spiriti, rezini inalainika, jino linachomoka. Nililishika. Likaanza kulia. Lilitoa S moja ndefu, nyembamba, tulivu, isiyokatika. Maji yaliyonaswa chini ya kulabu yakipata moto hutoa sauti, nimewafundisha hilo wote. Nililijua hata wakati ule. Hata hivyo nilizima taa nikaenda kusimama nje kwenye jua kabla ya kuendelea.

Lilikaa. Hilo ndilo lililonishangaza. Pengo la Furaha na jino lile vilielewana kana kwamba vilipimwa pamoja, isipokuwa ubavuni, pale Mzee Cirhuza alipolipunguza. Hapo ukabaki mwanya. Nilimvalisha, nikafumba macho kama nilivyofundishwa, nikamwambia ahesabu.

“Soixante-six,” akasema. “Soixante-sept.”

Niliposikia mluzi ule nikafumbua macho. Nilijua kabisa nani yuko kwenye kiti, lakini sikuweza kuendelea bila kumwona. Naye alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Kisha nikamweleza kwamba kuziba mwanya ule ni kazi ndogo, tone la rezini ubavuni, atasubiri hapohapo. Akatikisa kichwa. Jino ni la kuazima, alisema, na Mama alikataza. Akaondoka nalo hivyo. Nyumbani hakulivaa. Alilitia kwenye glasi kila alipoingia mlangoni, akala na kuzungumza na pengo lake, ili mama mkwe asisikie. Shuleni alilivaa.

Muhula ukaanza. Furaha akanitumia ujumbe kwamba kulabu inambana, nami nikabeba koleo langu nikaenda shuleni asubuhi, kwa kuwa yeye hakuweza kuacha darasa. Mvua ilikuwa inakusanyika juu ya ziwa, anga imekuwa nyeusi. Nilipofika kwenye kichochoro cha ukuta wa shule nikawasikia watoto wanasoma kwa pamoja: sa, se, si, so, su.

Nikasimama. Kila sauti ilikuwa na mluzi nyuma yake, mwembamba, uleule. Walikuwa wameukamata kutoka mdomoni mwa mwalimu wao kama walivyokamata pengo. Darasa zima, wavulana na wasichana, wengi wao hawajawahi kumwona makanika yule, na sauti zao zikiungana hazikuwa tena sauti za watoto. Sa, se, si, so, su. Mzazi mmoja aliyekuwa akimleta mwanawe kwa kuchelewa alisimama langoni, akasikiliza, akamshika mtoto mkono wakarudi walikotoka. Alikuwa mtu wa gereji ya Sosthène.

Na mbele yangu, karibu na dirisha, alisimama Mama Nabintu. Alikuwa ameleta mwavuli kwa ajili ya mkwewe. Ameuegemeza ukutani, na kiganja chake kimelala juu ya matofali kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Nilimsalimia.

“Fundi, unasikia bangapi?” aliuliza.

Nikamjibu kwamba ni watoto wa darasa la kwanza, wote.

“Miye nasikia moya,” alisema.

Akauacha mwavuli pale, akaondoka na mvua ikaanza kumnyeshea. Mimi niliingia, nikalegeza kulabu, na sikumficha Furaha kitu. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu. Direkta alikuwa amemwambia siku ileile kwamba mluzi ni mbaya kuliko pengo. Pengo liliwaudhi wazazi, mluzi uliwatisha, na wawili walikuwa wamewahamisha watoto wao. Angempa hadi mwisho wa juma. Mwanya ukizibwa, anabaki na darasa lake. Usipozibwa, hakuna darasa, hakuna unga. Na wa kuamua alikuwa yule mama anayetembea mvuani.

Nilimhurumia Furaha, nikamhurumia na mama yule, na kusema kweli nilijihurumia mwenyewe. Nilitamani barabara ifunguke, lije boksi zima la meno mapya yasiyo na mtu. Nilimwambia nitamzibia bila kumwambia mama. Akakataa. Alisema mama yule hakumuuliza kamwe kwa nini bado yuko nyumbani kwake, mke asiye na mume wala mtoto, katika mji ambao wengine walirudishwa kwao kwa sababu ndogo zaidi. Kwa hiyo yeye hatamwibia mama yule mwanawe.

Walikuja pamoja kesho yake mchana. Nilikuwa na mteja, nikamwomba arudi baadaye. Mama Nabintu alikaa kwenye kiti cha wateja, akamwambia Furaha avae jino. Furaha akavaa. Akamwambia aseme maneno ambayo Sosthène aliyasema jioni zote mlangoni alipotoka gereji.

“Mama, siwezi,” Furaha alisema.

“Sema yenye alikuwa anasemaka.”

Furaha akatazama chini. Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa: “Mama, nishafika. Siku imekwisha salama.”

Nawaapia nimefanya kazi hii maisha yangu yote na najua sauti inatoka wapi: ulimi, ufizi, jino, hewa. Lakini niliyemsikia ni Sosthène. Mama yule alikuwa amefumba macho.

“Karibu, mutoto wangu,” alijibu.

Tukangoja. Sijui tulingoja nini. Nje watu waliendelea kupanda kutoka sokoni, nikasikia bei ya mihogo ikibishaniwa. Mama Nabintu alipofumbua macho yalikuwa makavu, na alizungumza nami, si na Furaha.

“Mutu muzima haachake sauti yake ku kinywa ya mwengine,” alisema. “Kama angekuwa ku dunia, angekuya kuichukua. Ziba ile mwanya, fundi. Mutoto wangu aende.”

Nikamuuliza kama ameelewa kwamba nikiziba halitakuwa tena jino la Sosthène, hata siku moja. Akasema ndilo analotaka nifanye. Nikamtazama Furaha. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini aliinamisha kichwa kukubali, akalitoa jino, akalifuta kwa kitenge chake na kunipa.

Nilichanganya unga na maji ya rezini kwenye kikombe kidogo. Harufu yake mnaijua, kali, inapanda kichwani. Nikaweka tone moja ubavuni kwa ncha ya sindano, nikaliacha likauke, nikalipitisha kwenye tupa na msasa, nikaling'arisha kwa kidole. Mikono yangu ilikuwa bado imara enzi hizo, na sijawahi kuishukuru kama siku ile. Nikamrudishia. Akavaa. Sikufumba macho, sikutaka kuyafumba.

“Soixante-six,” akasema Furaha. “Soixante-sept.”

Ilikuwa S ya mwalimu tu, safi na kavu. Mama Nabintu akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia tena, naye akarudia tena, na mama yule aliinamisha sikio kwa mbele kama mtu anayesikiliza hatua zinazokwenda mbali, mpaka akaacha kuinama.

Akateremka kwenye kiti changu, akakaa chini sakafuni, kwenye vumbi la plasta, akanyoosha miguu, akaanza kulia kwa sauti. Alilia kwa Kimashi, lugha ya kwao, akimwita baba yake na mume wake wampokee mtoto. Furaha akakaa kando yake, akamshika. Nami nilivua aproni, nikazima jiko la makaa, nikakaa sakafuni pamoja nao, kwa sababu kilio kilikuwa kimeanzia kwangu na mwenye nyumba haketi kitini.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanda kutoka Nyawera na karai la samaki kichwani akasikia. Akasimama mlangoni, akatutazama, akauliza ni nani amekufa. Mama Nabintu aliendelea kulia. Furaha akainua uso. Tangu asubuhi ya lile gari hakuwahi kumtaja kama marehemu, si kwangu, si kwa padri, si kwa mtu.

“Sosthène,” alisema. “Bwana yangu Sosthène.”

Jina likatoka lote bila mluzi. Yule mwanamke akatua karai lake, akavua viatu, akaingia akakaa nasi chini.